Baba Anasema Mwaka Mmoja Si Kitu: Niende Chuo au Nibaki Nyumbani Kwanza?

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 19, mkazi wa Igombe katika Wilaya ya Ilemela hapa Mwanza. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu katika tahasusi ya Kemia, Biolojia na Jiografia, na matokeo yalipotoka Julai nilipata daraja la pili, pointi 10. Siku hiyo nilikuwa mchangani na mama tunaanika dagaa, jirani akaja mbio na simu yake. Mama alijifuta mikono yote miwili kwenye kanga kabla ya kuipokea ile simu, akaitazama kwa muda mrefu ingawa anasoma kwa shida, kisha akaniuliza kama hiyo kumi ni kubwa au ni ndogo. Nilipomweleza kwamba katika hesabu ya madaraja namba ikipungua ndiyo inakuwa nzuri zaidi, alicheka, akainama, akaendelea kuwageuza dagaa.

Nilikuwa nimekwenda kambi ya Rwamkoma kwa mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) ya mujibu wa sheria, lakini nilirudishwa baada ya wiki tatu kwa sababu ya goti lililovimba, ndiyo maana niko nyumbani wakati wenzangu wako kambini.

Jambo linaloninyima usingizi ni kama niende chuo mwaka huu au nikae mwaka mmoja kwanza. Baba yangu ni mvuvi wa dagaa. Mwaka jana mashine ya mtumbwi wake iliibiwa usiku wakiwa ziwani, akapata nyingine kwa fedha za tajiri mmoja, na tangu hapo sehemu kubwa ya anachovua inakwenda kulipa deni hilo. Mdogo wangu wa kiume yuko kidato cha tatu. Baba anasema mwaka mmoja si kitu, ziwa halihami na chuo nacho hakihami, kwa hiyo nimsaidie kwanza asimame.

Mjomba wangu, mdogo wake mama, ana biashara ya dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, na huwauzia wanunuzi wanaopeleka mzigo Kongo. Tangu nirudi kutoka kambini nimekuwa nikimsaidia daftari lake. Nilipolikuta, mauzo, madeni na nauli za magari vilikuwa vimechanganywa katika ukurasa mmoja, na baadhi ya majina yalikuwa yameandikwa kwa herufi mbili tu ambazo hata yeye mwenyewe hakukumbuka ni za nani. Nikalipanga upya: kushoto mzigo ulioingia, kulia uliotoka, na nyuma ya daftari kila mdaiwa nikampa ukurasa wake. Ndani ya wiki moja niligundua kwamba magunia manne yaliandikwa mara mbili, na kwamba mama mmoja wa Sengerema alikuwa akidaiwa fedha ambazo alikwisha kuzilipa tangu Machi. Mjomba alimpigia simu siku hiyo hiyo kumwomba radhi. Sasa anataka nifanye naye kazi mwaka mzima, nitunze daftari na pia nisimamie kambi yake ya kuanikia dagaa katika kisiwa cha Kome, kwa shilingi 200,000 kwa mwezi, na ameahidi kwamba mwakani atanilipia ada.

Mwalimu wangu wa darasa anasema niombe ualimu wa sayansi mwaka huu huu. Rafiki zangu wanasema niombe chuo, nikipata nafasi niiahirishe, kwa kuwa ikishakuwa yangu itanisubiri. Je, ni kweli? Na nikiuacha mkopo wa mwaka huu, mwakani nitaruhusiwa kuuomba? Dada mmoja wa jirani alisema naye anakaa mwaka mmoja tu. Huu ni mwaka wake wa tatu na sasa ana mtoto. Naogopa kwenda chuo nikakwama ada katikati ya safari, na naogopa kubaki nikabaki moja kwa moja. Mama hasemi kitu.

Binti wa Igombe

*

Marahaba, mwanangu, na hongera. Daraja la pili katika masomo ya sayansi, ukitokea katika nyumba ambayo deni la mashine linakula samaki kabla hawajafika nchi kavu, ni jambo ambalo ningependa ulifurahie angalau kwa siku chache kabla ya kuligeuza kuwa mzigo wa mawazo.

Ushauri wangu ni kwamba uombe chuo na uombe mkopo mwaka huu, hata kama moyo wako umekwisha kuelekea Kirumba, na uamuzi wa kwenda au kubaki uuache hadi majibu yote mawili yawe mkononi mwako. Hivi sasa baba, mjomba, mwalimu na rafiki zako wote wanakuvuta uamue leo, wakati jambo kubwa kuliko yote, yaani kama utapata mkopo na kwa kiasi gani, hakuna hata mmoja wao anayelijua.

Nianze na lile la rafiki zako, kwa sababu ndilo linaloweza kukuumiza haraka. Si kweli kwamba nafasi ikishakuwa yako itakusubiri. Barua ya udahili ni ya mwaka wa masomo ulioandikwa humo. Asiyeripoti na kujisajili anaipoteza, na mwaka unaofuata anaanza maombi upya kama mtu mwingine yeyote. Kuahirisha masomo kupo, lakini kwa kawaida ni utaratibu wa mwanafunzi ambaye amekwisha kusajiliwa, ambaye anaandika barua akieleza sababu nzito, kama vile ugonjwa, akiambatanisha ushahidi pamoja na kibali cha anayemlipia masomo, kisha chuo kinaamua. Kutaka kufanya kazi ya biashara kwa mwaka mmoja si sababu ambayo ningetegemea ikubalike. Kwa hiyo usiwekeze matumaini yako hapo. Ukiamua kubaki, jua kwamba unabaki bila nafasi, na kwamba mwakani utashindana upya na watakaomaliza mwakani.

Hata hivyo, kushindana upya si msiba. Matokeo yako ya kidato cha sita hayaozi. Kuhusu Bodi ya Mikopo, miongozo yake ya miaka ya karibuni imewaruhusu kuomba wale waliomaliza kidato cha sita ndani ya miaka mitano, ilimradi mwombaji asiwe amezidi umri wa miaka 35, na wewe uko mbali sana na mipaka yote miwili. Ninakuambia haya waziwazi, ingawa yanaipa nguvu hoja ya baba yako, kwa sababu sitaki uende chuo kwa kutishwa. Mlango haufungwi kwa mwaka mmoja. Swali ni kama mwaka huo utakufikisha mahali ambapo hukuweza kufika bila huo.

Sasa chukua kalamu, kwa kuwa wewe ni mtu wa daftari, tuuhesabu huo mwaka. Mjomba atakulipa shilingi 200,000 kwa mwezi, maana yake ni 2,400,000 kwa miezi kumi na miwili, kama hakuna mwezi utakaorukwa. Toa nauli ya kila siku kutoka Igombe hadi Kirumba na kurudi, toa chakula cha mchana, toa daftari na sare za mdogo wako, ambazo hutaweza kukataa kununua ukiwa na mshahara ndani ya nyumba hiyo, toa siku ambayo baba atakuambia mafuta ya mashine yameisha. Tuseme umejibana sana ukabakiwa na nusu, yaani 1,200,000. Ada ya shahada katika vyuo vingi nchini ni shilingi milioni moja na zaidi kwa mwaka, kabla ya chumba na chakula. Utakuwa umepata takriban ada ya mwaka wa kwanza wa shahada ya miaka mitatu, na utakuwa umesimama pale pale uliposimama leo, ukihitaji mkopo. Na kama mwakani utahitaji mkopo vilevile, basi swali la mkopo huwezi kulikwepa kwa kusubiri. Unalisogeza mbele tu.

Upande wa pili wa hesabu ni huu. Tangu mwaka wa masomo 2022/2023 posho ya chakula na malazi, ile ambayo wanafunzi wanaiita bumu, ni shilingi 10,000 kwa siku kwa anayepangiwa kiwango kamili. Kwa siku thelathini hiyo ni 300,000, zaidi ya mshahara anaokupa mjomba, na ada hupangwa pembeni yake. Si zawadi, ni deni, na ni lazima ulijue deni lenyewe: ukiajiriwa, sheria inaagiza asilimia 15 ya mshahara wako ikatwe kila mwezi hadi deni liishe. Lakini ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikiongezwa kila mwaka na kuwakatisha tamaa waliokutangulia kulipa, ilifutwa mwaka 2021. Baba yako anaujua vizuri uchungu wa deni, na huenda ndiyo sababu anaogopa kukuona ukilichukua la kwako. Mweleze tofauti: deni la tajiri wa mashine linamngoja ufukweni kila asubuhi, samaki wawepo wasiwepo, wakati deni la Bodi linasubiri umalize masomo na upate kipato.

Kuomba mkopo kwenyewe kunagharimu shilingi 30,000, ambayo kwa mshahara wa mjomba ni chini ya siku tano za kazi, pamoja na usumbufu wa karatasi. Usumbufu huo usiudharau. Kila mwaka wapo watoto wenye uhitaji wa kweli ambao hukosa mkopo kwa sababu cheti cha kuzaliwa hakikuhakikiwa kwa wakati na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, au fomu haina mhuri wa serikali ya mtaa, au ukurasa wa wakili umesahauliwa. Kama kaya yenu imo katika mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini, namba ya kaya hiyo iandike, kwa kuwa inahesabiwa katika kupima uhitaji. Dirisha la mkopo kwa kawaida hufungwa mwishoni mwa Agosti, na lile la kwanza la udahili hufungwa mapema zaidi. Usisubiri siku za mwisho, maana intaneti ya Igombe unaifahamu kuliko mimi. Majina yakitoka na ukaona umepangiwa kidogo au hukupangiwa kitu, bado kuna dirisha la rufaa, ambalo watu wengi wa huku kwetu hawalitumii kwa kudhani kwamba serikali ikishasema hapana imemaliza.

Baada ya fedha nataka nikuambie jambo la historia ambalo wengi wa umri wako hawajalisikia, na lilitokea ukingoni mwa ziwa hili hili. Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU, chama tawala cha wakati huo, ilikutana Musoma, na Azimio la Musoma, pamoja na mambo mengine, liliagiza kwamba anayemaliza kidato cha sita asiende chuo kikuu moja kwa moja, bali apitie JKT, kisha afanye kazi kwa angalau miaka miwili, aonekane kazini kwamba anafaa, ndipo aende. Nia yake ilikuwa njema na mimi sijawahi kuibeza: nchi haikutaka wasomi wasiojua jasho. Lakini haikupita miaka mingi kabla wasichana hawajaondolewa sharti hilo, kwa sababu idadi yao chuo kikuu ilishuka vibaya. Mvulana aliyekaa kazini miaka miwili alirudi darasani. Msichana aliyekaa miaka miwili alichumbiwa, akaolewa, akapata mtoto, akawa mhimili wa nyumba mbili kwa mpigo, na kila mtu aliyempenda alikuwa na sababu nzuri ya kumwomba asubiri kidogo tena.

Dada yangu, mtoto wa mama mkubwa, alimaliza kidato cha sita mwaka 1975. Alikwenda JKT, akapangiwa ukarani katika ofisi moja huko Shinyanga, na mwaka wa pili akaolewa. Hakuharibikiwa, wala sitaki unielewe hivyo. Amelea watoto watano na wote wamesoma, na hadi leo akina mama wa jumuiya yao hawamwamini mtu mwingine na hesabu za kikoba chao. Mimi nilimaliza miaka michache baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1980, wakati sharti la kufanya kazi kwanza halikutuhusu tena wasichana, nikatumikia mwaka wangu wa JKT, nikaenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kati yetu wawili yeye ndiye aliyekuwa na kichwa chepesi. Mwaka jana tulikuwa tumekaa barazani kwake, akanitajia alama zake za mtihani ule moja baada ya nyingine bila kusita, kisha akaniuliza mabweni ya Mlimani yanafananaje kwa ndani.

Ndiyo maana maneno ya baba yako kwamba mwaka mmoja si kitu yananitia wasiwasi, ingawa simwoni kuwa baba mbaya hata kidogo. Kwa mdogo wako wa kiume, mwaka mmoja huenda kweli si kitu. Kwako wewe, uliyemtaja mwenyewe yule dada wa jirani ambaye mwaka wake mmoja sasa umekuwa mitatu, kupima kwa kalenda peke yake hakutoshi.

Halafu kuna jambo ambalo hukuniuliza, lakini barua yako imelisema. Juu ya ualimu wa sayansi umeniandikia sentensi moja, nayo ni ya mwalimu wako. Juu ya daftari la mjomba umeniandikia aya karibu nzima: kushoto kilichoingia, kulia kilichotoka, ukurasa wa kila mdaiwa, magunia manne, mama wa Sengerema. Nimefundisha kwa miaka zaidi ya thelathini na ninajua mwanafunzi anavyoandika juu ya kitu anachokipenda. Nadhani sehemu ya hamu yako ya kubaki haitokani na deni la baba. Inatokana na kwamba hujaona chuoni kitu kinachokuvuta kama lile daftari. Hilo ni jambo la heshima, lakini dawa yake si kukaa mwaka mzima. Dawa yake ni kuomba kozi inayofanana na wewe. Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu unaonyesha sifa za kila programu katika kila chuo. Keti nao jioni mbili, usome masharti moja moja, uone tahasusi yako inakufungulia nini zaidi ya ualimu. Tazama ufugaji wa samaki, tazama uchumi wa kilimo na biashara ya mazao, ambazo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kinafundisha. Tazama pia vyuo vilivyo karibu nawe, kwa mfano Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino (SAUT) pale Malimbe, kwani anayesoma akilala kwa ndugu hapa hapa mjini anapunguza gharama kubwa. Ualimu ni kazi niliyoipenda maisha yangu yote, na kwa sababu hiyo hiyo sipendi mtu auingie kwa kukosa pa kwenda.

Ukipata udahili na ukapata mkopo unaofanya ada na chakula vielekee kutosha, nenda. Nenda hata kama mjomba atakasirika kidogo, na umwachie daftari lililopangwa vizuri kiasi kwamba mtu mwingine anaweza kuliendeleza. Likizo utarudi kumsaidia, naye atakulipa kwa wiki hizo.

Ikiwa Bodi itakukatalia na rufaa nayo ikashindikana, hapo ndipo kubaki kunakuwa uamuzi wa mtu mwenye akili timamu, na sitakulaumu. Lakini ubaki kwa makubaliano, usibaki kwa ahadi. Mjomba wako anaweza kuwa mkweli kabisa anaposema atakulipia ada mwakani, na bado akashindwa, kwa sababu hiyo ada ameiweka juu ya dagaa. Wewe umekulia mchangani. Unajua kinachotokea mvua ikinyesha siku tatu mfululizo wakati mzigo umeanikwa, jinsi dagaa wanavyobadilika rangi na kuanza kunuka, na yule mnunuzi aliyekuwa akiwataka kwa ajili ya watu anarudi kuwachukua kwa bei ya chakula cha kuku. Mwezi kama huo haumjui mpwa wala mjomba. Kwa hiyo mshahara wako ulipwe kila mwezi katika akaunti ya jina lako, usiachwe ndani ya biashara eti uzunguke. Kiasi unachotoa nyumbani kitajwe tangu mwanzo, mbele ya mama na mtu mzima mwingine wa ukoo ambaye baba anamsikiliza, kama baba yako mkubwa yupo. Utajwe pia mwezi ambao kazi itakoma, na iwe ni Septemba ya mwakani, kabla vyuo havijafunguliwa, si baada.

Kuhusu Kome nasema hapana. Daftari lake lipo Kirumba, na kazi uliyoionyesha ni ya daftari. Kambi ya kisiwani ni mahali ambapo wanaume wengi hukaa miezi mbali na nyumba zao, fedha hupatikana usiku na kuisha kesho yake, na msichana aliye peke yake hufuatwa kila siku na watu ambao wanajua ni nani anadaiwa na ni nani anahitaji mzigo. Mama zetu wa mialoni wanajua vizuri ninachosema, na wengi wamelipa kwa afya zao. Kama mjomba anahitaji msimamizi wa kisiwani, atafute mtu mzima. Wewe fanya kazi Mwaloni mchana na ulale nyumbani.

Ukibaki, unaweza pia kufikiria Chuo Kikuu Huria, ambacho kina kituo hapa Mwanza na kinamruhusu mtu asome huku akifanya kazi, ingawa kinadai nidhamu ambayo watu wazima wengi wenye nia njema wameshindwa kuitimiza. Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi pale Nyegezi nao wanatoa astashahada na stashahada za uvuvi na ufugaji wa samaki, na binti wa mvuvi mwenye Biolojia na Kemia hawezi kuwa mgeni huko.

Katika kuzungumza na baba, chagua siku. Usimfuate jioni anapopakia mafuta na taa, wala asubuhi anaporudi akiwa hajalala. Subiri mbalamwezi, siku ambazo dagaa hawafuati taa na wavuvi wako nyumbani, akiwa ameshona nyavu zake na ametulia. Usiende na jibu lililokamilika, kwa kuwa mzazi anayepewa jibu lililokamilika husikia amri. Nenda na karatasi ya ile hesabu, ile ya 2,400,000 na nusu yake, umwombe akusaidie kuona kama umekosea mahali. Mwambie unaomba chuo na mkopo kwanza na kwamba hadi Oktoba utaendelea kumsaidia mjomba. Hilo halimpokonyi chochote leo. Naye ana haki ya kusikia kutoka kwako kwamba umeuona usiku wake wa mashine kuibiwa, na kwamba kwenda chuo si kumkimbia.

Kabla ya yote hayo, kesho asubuhi, tafuta cheti chako cha kuzaliwa na uone kama majina yake yanafanana herufi kwa herufi na yale ya vyeti vya shule. Tunza pia karatasi uliyopewa Rwamkoma ulipoondoka, kwa kuwa siku moja utaulizwa kwa nini hukumaliza mafunzo, na lile goti lipeleke hospitali badala ya kulikanda tu.

Na mama muulize. Muulize mkiwa wawili tu mchangani, bila baba na bila mjomba, mkono wako ukiwa kazini kama wake. Mtu anayejifuta mikono yote miwili kabla ya kushika simu yenye matokeo ya mwanawe ana neno la kusema, ila huenda hakuna aliyemuuliza. Ukiniandikia tena, uniambie alichokujibu.

Wako katika malezi,
Mwalimu